Kuliangalia ganda la chaza kwa hadubini ya elektroni: ninavyofanya mimi

Nina miaka 11 sasa katika ufundi wa maabara hapa Berlin, na sehemu kubwa ya siku yangu inaishia mbele ya hadubini ya elektroni ya skani, ile inayopitisha mwale wa elektroni juu ya sampuli nukta kwa nukta. Nimeshawekewa mezani unyoya wa kunguru, jino la papa, uzi wa buibui na nyuzi za mkonge. Ila kitu nilichokiangalia mara nyingi kuliko vyote ni ganda la chaza lulu, lile la mdomo mweusi. Shangazi yangu anakaa Bweleo, kusini-magharibi mwa Unguja, ambako kina mama wanafuga chaza baharini na kuyachonga maganda yake kuwa hereni na vidani. Yanayovunjika wakati wa kuchonga hunitunzia mimi.

Wanafunzi kutoka nyumbani huniandikia mara kwa mara. Mmoja amepata nafasi ya kutumia mashine kwa saa tatu tu, sampuli anayo mfukoni, hajui aanzie wapi. Mwingine ameshapiga picha 60 na hajui zinamwambia nini. Nawaandikia wote hapa kwa pamoja, na mfano wangu utakuwa ganda la chaza, kwa sababu nalijua. Ukishaliweza ganda, njia hiyo hiyo itakufikisha kwenye mfupa, jino, mbao na hata ganda la yai, ukibadilisha mambo machache nitakayoyataja.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba picha ya hadubini ya elektroni hutengenezwa mezani, siku mbili kabla hujaigusa mashine. Na kuna swali moja ambalo nataka ulibebe kuanzia mwanzo hadi mwisho: hiki ninachokiona kimetoka baharini, au kimetoka mezani kwangu? Nimewahi kulisahau swali hilo mara mbili, na nitakueleza zote mbili.

Unachokitafuta ndani ya ganda

Vunja ganda la chaza lulu ulitazame ukingoni. Upande wa nje kuna tabaka la kukwaruza, la rangi iliyofifia, lililojengwa kwa nguzo za kalsaiti zilizosimama wima. Upande wa ndani kuna lile tabaka linalong'aa. Yote mawili ni kalisi kaboneti, ndugu wa chokaa iliyojenga nyumba za Mji Mkongwe. Lile la ndani limetumia aragonaiti, ambayo ndiyo madini ya mifupa ya matumbawe pia. Asilimia 95 hivi ya tabaka hilo ni madini hayo, na kidogo kinachobaki ni protini na khitini.

Siri iko kwenye upangaji. Aragonaiti imekatwa vigae vyembamba, kila kimoja kina upana wa maikromita 5 hadi 15 na unene wa nusu maikromita, yaani nanomita 500 hivi (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Katikati ya kigae na kigae kuna utando wa protini na khitini wenye unene wa nanomita 20 hadi 40. Kwenye chaza vigae hivi hupangwa kama matofali ya ukuta, kila safu ikifunika viungo vya safu ya chini yake. Kwenye konokono wa baharini wenye ganda la namna hii, vigae hukaa juu ya vingine kama sarafu zilizorundikwa. Ukiona minara ya sarafu kwenye sampuli uliyoambiwa ni ya chaza, kamuulize aliyekupa.

Hadubini ya kawaida ya mwanga haikufikishi huko. Kikomo chake ni nanomita 200 hivi, kwa hiyo utando wa nanomita 30 haipo namna ya kuutenganisha. Elektroni iliyosukumwa kwa kilovolti 5 ina urefu wa wimbi wa takriban nanomita 0.017. Lenzi zetu hazifikii ubora huo, lakini mashine nzuri yenye chanzo cha uga, kinachochomoa elektroni kwa uga wa umeme, hutenganisha vitu vilivyoachana nanomita 1 hivi, na ile ya zamani yenye waya wa tangsteni hutenganisha nanomita chache. Hadubini ya kwanza ya elektroni, iliyopitisha mwale ndani ya sampuli badala ya kuiskani, ilijengwa mji huu huu wa Berlin mwaka 1931 na Max Knoll pamoja na mwanafunzi wake Ernst Ruska. Ruska alisubiri hadi 1986 kupewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Kuosha, na habari ya ndimu

Chukua ganda la chaza aliyekufa karibuni. Ganda lililokaa ufukweni kwenye jua na chumvi limeshaliwa na vijidudu vinavyotoboa, na protini yake imeoza. Lioshe kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kurudishwa kuwa maji, kwa mswaki laini, kisha liache likauke kivulini. Basi. Usitie sabuni yenye manukato, usitie klorini kwa sababu inakula protini, na usitie kitu chochote chenye asidi.

Mwaka wangu wa pili nilipokea mzigo wa maganda manane yaliyong'aa kuliko yote niliyowahi kuona. Niliyavunja, nikayapaka, nikayaingiza mashineni. Vigae vyote vilikuwa na kingo za mviringo na vishimo vidogo vidogo, na kati yake tando zilitokeza nje, zimekunjika kama kurasa za daftari lililoloa maji. Wiki mbili nzima niliamini nimepata aina ya ganda ambayo haijaelezwa bado. Nilishaanza kuchora michoro. Ndipo nikampigia shangazi simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Maganda yamefika?"

"Yamefika salama. Nilitaka kukuuliza, uliyaosha kwa kitu gani?"

"Kwa ndimu na majivu kidogo. Nilitaka yafike yaking'aa, yasije yakakutia aibu kwa watu wako wa kazini."

Asidi ya ndimu huyeyusha kalisi kaboneti na kuiacha protini. Ile "aina mpya" ilikuwa imetengenezwa kwenye karai, uani kwa shangazi. Nilisikitika sana, maana wiki mbili si haba. Lakini maganda yale niliyahifadhi, kwa sababu yalinionyesha tando waziwazi kuliko sampuli yoyote safi. Leo nikitaka kuziona tando nafanya hivyo kwa makusudi na kwa kipimo: natumbukiza kipande kilichosuguliwa kwenye EDTA, kemikali inayoishika kalisi na kuitoa, iliyozimuliwa sana, yenye pH ya kati, kwa dakika 1, nasuuza, nakausha, naangalia, na nikiona haitoshi naongeza dakika nyingine. Na siku zote naweka kipande cha pili, kutoka ganda lile lile, ambacho hakijaguswa na EDTA. Bila hicho cha pili picha ya kwanza haina maana.

Kuvunja au kusugua?

Hapa inategemea unauliza nini, na uamue kabla ya kushika msumeno.

Ukitaka kujua vigae vimepangwaje na ufa unapitaje, vunja. Upande wa nje wa ganda kata mfereji kwa msumeno mwembamba wa almasi, acha milimita 1 hivi upande wa ndani, halafu shika kwa koleo mbili na uvunje kwa mkupuo mmoja. Uso uliovunjika haujaguswa na chuma, haujaguswa na maji, ni ganda lenyewe. Humo utaona jambo zuri ambalo ndilo linalofanya watu wa uhandisi wapende ganda la chaza: ufa haupiti moja kwa moja. Unafika kwenye utando, unageuka, unatembea kando ya kigae, unashuka ngazi moja, unageuka tena. Chaki ingekatika papo hapo. Ganda linaulazimisha ufa upite njia ndefu, na kila kona inakula nguvu yake.

Ukitaka kupima unene wa vigae kwa usahihi, sugua. Zamisha kipande kwenye gundi ya epoksi, kiache kigande, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 600, 1200, 2400, na umalizie kwa unga wa alumina wa maikromita 0.3 na mwishoni 0.05. Kila unapobadilisha msasa geuza kipande robo mduara, uendelee mpaka mikwaruzo ya msasa uliopita iishe yote. Hapa ndipo watu wengi huchoka na kuruka hatua. Mikwaruzo iliyonyooka sambamba na vigae inafanana mno na tando, na mwenye haraka ataipima kama tando.

Njia ya tatu ni kuangalia uso wa ndani wa ganda kama ulivyo, pale mnyama alipokuwa bado anajenga. Utaona vigae vichanga vya duara vikikua hadi vinagusana na kubanana kuwa pembe nyingi. Kwa hili huvunji wala husugui, lakini lazima ganda liwe bichi kweli na limeoshwa mara moja tu baada ya nyama kutolewa.

Vaa glovu zisizo na unga tangu hapo na kuendelea. Mafuta ya kidole hayaonekani, ila ndani ya ombwe la mashine, yaani chumba kilichoondolewa hewa, huvukiza, na mwale wa elektroni huyageuza kuwa doa jeusi juu ya sampuli yako.

Kukibandika kipande

Kipande kisizidi milimita 5 kwa upana na 3 kwa kimo. Kidogo hukauka haraka, hutoa hewa haraka, na hupeleka umeme vizuri. Kikaushe usiku mzima kwenye chombo chenye silika jeli, zile chembe zinazofyonza unyevu, au kwenye oveni ya nyuzi joto 40.

Kitako cha alumini kinachotumika sana kina kipenyo cha milimita 12.5. Kipulize kwa hewa kavu, bandika utepe wa kaboni wenye gundi pande zote mbili, kisha weka kipande kwa kibano, uso unaoutaka ukitazama juu. Sasa chukua rangi ya fedha kwa ncha ya kijiti cha meno na uchore njia moja kutoka juu ya kipande, ishuke ubavuni, ipite juu ya utepe mpaka kwenye chuma. Njia hiyo ndiyo barabara ya elektroni kurudi ardhini. Ganda halipitishi umeme. Bila barabara hiyo elektroni hujazana juu ya sampuli, zinasukuma zile zinazokuja, na picha inaanza kuteleza na kung'aa ovyo. Iache rangi ikauke saa kadhaa, kwa sababu kiyeyushi chake nacho huvukiza kwenye ombwe.

Andika namba ya sampuli chini ya kitako kwa msumari, na uchore ramani kwenye daftari: kipande A kiko saa tatu, B kiko saa sita, upande wa ndani wa ganda unaelekea wapi. Ndani ya mashine huwezi kuuliza mtu. Ukishafika ukuzaji wa mara 5,000 vipande vyote vinafanana.

Dhahabu inayojifanya ganda

Sampuli isiyopitisha umeme hupakwa ngozi nyembamba ya metali kwenye mashine ndogo ya kupakia. Maabara nyingi hutumia dhahabu, nanomita 10 hivi. Kwa picha za mara 2,000 au 5,000 haina tatizo. Kwa anayetafuta mambo ya nanomita ni mtego, na mimi niliingia.

Vigae vya aragonaiti kwa kweli vina vinundu vya nanomita makumi kadhaa juu ya nyuso zake, na vigae vyenyewe vimejengwa kwa chembe za nanomita. Hayo yameelezwa na wengi. Kwa hiyo nilipokuza mara 100,000 na kuona chembe za mviringo, zote za ukubwa mmoja, nanomita 15 hivi, zimetapakaa kila kigae, nilifurahi. Nilipima chembe 200, nikaandaa jedwali, nikapeleka kwa fundi mzee aliyekuwa ananifundisha. Alizitazama picha kimya kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja: "Nioneshe utepe."

Nilirudi mashineni, nikasogea pembeni ya kipande hadi kwenye utepe wa kaboni, nikakuza mara 100,000. Chembe zilikuwa pale pale. Za mviringo, za ukubwa ule ule. Dhahabu haijitandazi kama rangi ya ukutani, huanza kwa visiwa vidogo, na visiwa hivyo ndivyo nilivyokuwa nimevipima kimoja kimoja mchana kutwa.

Tangu siku ile, kila ninapopaka metali naweka kando ya sampuli kipande kidogo cha kioo kilichosuguliwa vizuri, kwenye kitako hicho hicho. Kabla sijaamini umbo lolote lililo chini ya nanomita 50, naangalia kioo kwanza. Kilichoko kwenye kioo hakikutoka baharini. Pia nimehamia platinamu ya nanomita 3 hadi 5, ambayo chembe zake ni ndogo zaidi, na kama maabara ina iridiamu ni bora kuliko hiyo. Na kama mashine inaruhusu, piga picha moja bila kupaka chochote, kwa kilovolti 1 hivi. Kwenye nguvu ndogo kiasi hicho elektroni zinazoingia na zinazotoka hukaribia kulingana, na ganda halijazi umeme sana. Picha itakuwa na chenga, lakini vinundu vikionekana hata hapo, una haki ya kuviandika.

Jambo moja kwa wanaotaka kupima elementi kwa X-rei: usipake dhahabu wala platinamu, paka kaboni. Mstari wa dhahabu uko kwenye kilo-elektronivolti 2.12, umebanana na fosforasi upande mmoja na salfa upande mwingine, na salfa ndiyo mojawapo ya alama za protini unazozitafuta. Wala usidhani kwamba utaupima utando wa nanomita 30 peke yake kwa njia hiyo. X-rei zinatoka kwenye eneo la maikromita nzima, vigae na tando vyote kwa pamoja.

Mbele ya mashine

Wengi huanza na kilovolti 20 kwa sababu picha hutokea haraka na haina chenga. Fikiria elektroni zinaenda wapi. Kwenye aragonaiti, kwa kilovolti 20 zinazama zaidi ya maikromita 3, yaani zinapita vigae sita au saba kabla ya kutulia, na habari inayorudi ni mchanganyiko wa vyote hivyo. Kwa kilovolti 5 zinazama theluthi moja hivi ya maikromita, bado uko ndani ya kigae kimoja. Kwa 2 zinabaki juu kabisa. Mimi huanza na 5, na nikishapata fokasi nzuri nashuka hadi 3 au 2.

Anza na ukuzaji wa mara 50. Tafuta kipande chako, kilinganishe na ramani, tafuta njia ya fedha, hapo umejua uko wapi. Panda mara 500, kisha 5,000, kisha 20,000, na piga picha moja katika kila ngazi kabla hujapanda. Utakaporudi mezani miezi miwili baadaye, hizo picha za chini ndizo zitakazokuambia ile ya juu ilitoka sehemu gani ya ganda.

Fokasi ifanye kwenye ukuzaji mkubwa kuliko utakaopigia. Ukitaka picha ya mara 20,000, rekebisha kwa 50,000 halafu shuka. Zungusha kitufe cha fokasi taratibu mbele na nyuma huku ukitazama doa moja dogo la duara. Likirefuka kuelekea upande mmoja, kisha likirefuka kukata upande ule ulipovuka fokasi, mwale wako si wa duara. Simama katikati, pale lisiporefuka upande wowote, na urekebishe vitufe viwili vya astigmatizimu, kimoja baada ya kingine, mpaka kingo ziume. Rudi kwenye fokasi. Rudi tena kwenye astigmatizimu. Mzunguko huo huchukua dakika 5 mwanzoni, baadaye mkono unajua wenyewe. Mtu anaposema mashine ya maabara yao ni mbovu, mara nyingi vitufe hivi viwili havijaguswa.

Usifanye marekebisho hayo juu ya kigae unachokitaka. Mwale ukikaa mahali pamoja huacha kaboni, na ukishusha ukuzaji utaona mraba mweusi kama muhuri. Rekebisha kwa jirani, sogea, piga, ondoka.

Dalili za umeme kujaa ni mistari myeupe inayokatiza picha, kingo zinazowaka, na picha inayoteleza polepole ukiwa hujagusa kitu. Punguza kilovolti, punguza mkondo, au skani kwa kasi mara nyingi na uache kompyuta ichukue wastani. Isipotulia, toa sampuli nje na uongeze njia ya pili ya fedha. Usibishane na sampuli isiyo na barabara, inakumalizia saa zako tatu.

Kitambuzi cha elektroni za upili, zile zinazong'olewa kutoka kwenye uso wa sampuli, kitakupa sura ya uso: ngazi, kingo, vinundu. Kile cha elektroni zinazorudi nyuma hukupa uzito wa atomi: kalisi huonekana nyeupe zaidi, na utando wenye kaboni nyingi huwa mstari mweusi. Kwenye kipande kilichosuguliwa, hicho cha pili ndicho ninachotumia kuhesabu safu.

Ukipata jani badala ya ganda

Naingiza hili kwa sababu naulizwa sana. Jani la gimbi, lile ambalo maji huviringika juu yake bila kulilowesha, lina vinundu vya maikromita kadhaa na juu yake nta ya maumbo ya nanomita. Wilhelm Barthlott, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, pamoja na Christoph Neinhuis walieleza mwaka 1997 jinsi majani ya namna hii, hasa ya yungiyungi takatifu, yanavyojisafisha kwa umbo la uso wake. Vitabu vya biolojia vitakuambia ukaushe tishu kwa ethanoli ya asilimia 50, 70, 90 hadi 100, kisha kwa kaboni dayoksaidi iliyovuka nyuzi joto 31. Kwa mizizi na tishu za ndani ni sawa. Kwa nta usifanye, maana viyeyushi huiharibu, na utapiga picha ya jani lililovuliwa nguo. Kata kipande kidogo, kiache kikauke hewani au kigandishwe na kukaushwa kikiwa barafu, paka platinamu kidogo, tumia kilovolti 2. Seli zitasinyaa, nta itabaki.

Kupima bila kujidanganya

Kipande kilichovunjika hakikai wima kamili mbele ya mwale. Kikiinama nyuzi 30, kigae cha nanomita 500 kitasomeka 433. Kwa hiyo unene nauchukua kwenye vipande vilivyosuguliwa tu, na kabla ya kupima naweka sampuli ya vipimo yenye mistari inayojulikana na kuangalia kama mashine inasema kweli. Napima vigae 100 au zaidi, kutoka sehemu tatu za ganda: karibu na bawaba, katikati, na ukingoni. Naandika kidogo kabisa, kikubwa kabisa, na cha kati. Kigae kizuri cha kwenye jarida huwa ni kimoja kati ya mia.

Kwenye picha tumia mstari wa kipimo, usiandike "mara 20,000" peke yake. Picha ikichapishwa kubwa au ndogo namba hiyo inakuwa uongo, mstari unabaki kweli.

Mara ya kwanza kumtumia shangazi picha ya ganda lake alitazama akauliza, "Mbona haing'ai?" Lilikuwa swali la haki. Elektroni hazina rangi. Weusi na weupe wa picha ni hesabu tu ya elektroni ngapi zimerudi kutoka kila nukta. Mng'ao wa lulu unatokana na vigae vyenyewe: unene wao unakaribiana na urefu wa mawimbi ya mwanga, nanomita 400 hadi 700, kwa hiyo mwanga unaorudi kutoka safu moja unakutana na ule wa safu ya chini, rangi nyingine zikaongezeka na nyingine zikafutana. Nilimwambia alitazame ganda lake tena, aliinamishe kidogo kidogo juani, na kwamba zile rangi zinazohama ndizo safu ninazozihesabu mimi kwa nanomita.

Ukimaliza, kitako kirudi kwenye chombo chenye silika jeli, na daftari liandikwe siku hiyo hiyo: ganda limetoka wapi, nani alilitoa, tarehe, limeoshwa kwa nini, limevunjwa au limesuguliwa, limepakwa metali gani na nanomita ngapi, kilovolti, umbali kutoka kwenye lenzi. Sampuli ikivuka mpaka weka na nakala ya kibali cha uvuvi. Mfuko wa mwisho nilioupokea kutoka Bweleo ulikuwa na karatasi ndani yake, kwa mwandiko wa shangazi: tarehe, jina la mama aliyemtoa chaza, na chini yake, amepigia mstari mara mbili, "Maji ya mvua tu. Bila ndimu."